Kengele ya Barua Imenyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanda ngazi mara kumi na moja leo. Nimehesabu! "Fundi, kengele yangu hailii." "Fundi, barua zinaingia kimyakimya." Ofisi ya ramani ina ghorofa tatu, kompyuta arobaini na moja, na fundi mmoja, ndiye mimi. Tangu tubadilishe seva wiki mbili zilizopita barua pepe zinafika vizuri tu, ila kengele inalia kwa inayemtaka. Zamani kibahasha cha njano kiliruka pembeni mwa kioo — ting! — mtu akajua ana barua. Sasa nusu ya watu wangu wamenuna.

Bwana Kalamu, mchora ramani wetu, ndiye mwenye kelele kuliko wote. Amekosa kikao kwa sababu mwaliko ulimkuta kimya. Akasema kama kengele ni ya mapambo basi tununue na maua. Nimekagua spika. Nimekagua sauti. Nimekagua ile sehemu ya "angalia barua kila dakika tano". Vyote sawa. Nikamwambia nitarudi kesho. Akasema hata daktari wake husema hivyohivyo.

Na mimi je? Nani ofisi nzima anaitaka kengele kuliko mimi?

Niandike hapa, maana kwa mtu siwezi kusema. Mkataba wa mume wangu unaisha Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 15. Huko kambini wanachimba visima, simu hakuna, dishi lao linashika mtandao Jumanne na Ijumaa, saa tatu mpaka saa sita mchana, basi. Alipoondoka Januari tuligombana mlangoni, begi lake likiwa bado begani. Akasema: kabla sijasaini tena nitakuuliza kwa barua, utakalosema ndilo. Nikasema: uliza basi. Mpaka leo hajauliza.

Na mimi sianzi. Mwaka juzi nilianza mimi, mwaka jana nikaanza mimi. Zamu yake.

Jumanne, 4 Machi

Saa tatu mpaka saa sita sikutoka chumba cha seva. Nilijifanya nafunga nyaya. Nyaya zenyewe zilishafungwa, nikazifungua nikafunga tena. Macho kwenye kioo. Seva inaniletea ripoti zake karibu mia mbili kwa siku, kengele na kibahasha cha ripoti hizo nilivizima mwenyewe tangu mwanzo, la sivyo ningeshakuwa kichaa. Barua ya mtu ikiingia inakaa kwa herufi nzito mpaka uifungue. Basi mimi natafuta herufi nzito tu. Hakuna. Ripoti, ripoti, ripoti.

Saa sita na dakika moja nikaenda kuosha uso.

Bwana Kalamu tena: jana kengele ilimlilia mara moja, akafurahi, ikanyamaza kutwa. Nimebadilisha spika nikampa zangu. Bado. Nimeweka programu upya. Bado. Jamani, ni nini hiki?

Kichekesho cha leo: Mama Masjala kaja na kilemba kipya, ananukia marashi. Yule mama ni mjane mwaka wa kumi na moja sasa. Kutwa anakaa na mafaili chini kule, anachapa lebo kwenye kompyuta kwa herufi kubwa, kidole kimoja, hata anwani ya barua pepe hana maana hakuwahi kuitaka. Siku hizi anafika kabla ya mlinzi kufungua geti. Bwana Kalamu anasema kapata mchumba. Nimecheka na wenzangu, lakini nilimwonea wivu kidogo. Kidogo tu.

Jumatano, 5 Machi

Kichwa kinaniwanga. Malalamiko kumi na manne. Sijagundua kitu.

Nimekula peke yangu, nimelala mapema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata!

Nilichora meza kwenye karatasi: nani inamlilia, nani haimlilii. Katibu muhtasi wa Mkuu — inamlilia kila mara. Yeye ana meza moja, haendi popote. Bwana Kalamu — haimlilii. Yeye ana meza mbili, moja juu kwenye ramani, moja chini kwenye mashine ya kuchapa. Mkaguzi wa mipaka, meza mbili, haimlilii. Dada wa mapokezi anayeshika zamu sehemu mbili, haimlilii. Nikaruka kutoka kitini!

Ofisi hii hakuna anayetoka kwenye kompyuta. Hakuna! Kuingia kwa paswedi asubuhi kunachukua dakika kumi, mashine inahangaika kutafuta mafaili yake kwenye mtandao, watu wakazoea kuzima kioo tu wakaondoka. Jina la mtu linabaki wazi juu, linabaki wazi chini, wiki nzima. Seva ya zamani ilikuwa inagonga kila mlango. Hii mpya inatoa habari mara moja tu: kompyuta itakayowahi kuuliza ndiyo inayopata kengele. Ya pili ikija kuuliza inaambiwa hakuna jipya.

Kwa hiyo kengele za Bwana Kalamu zilikuwa zinalia miaka yote — namaanisha siku zote hizi — kwenye chumba cha kuchapa, kioo kimezimwa, hakuna mtu. Nilimpeleka akasikie mwenyewe. Nikamwandikia barua kutoka mezani kwa jirani, tukasimama mbele ya kioo cheusi. Ting! Akashika kiuno. Akasema ala, kumbe napendwa huku nyuma bila habari!

Nimecheka mpaka machozi. Kisha machozi hayakutaka kukatika, nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefanya usafi. Nimetangaza kwa kipaza sauti, kila mtu ahifadhi kazi yake, saa mbili na nusu nikaiamuru seva iwatoe watu wote, mashine zote, isipokuwa mimi. Nikijitoa na mimi kazi inakatika katikati, nitaanza tena moja. Dakika kumi za manung'uniko, watu wakaingia upya, kila mtu mahali pamoja. Kengele zikaanza ghorofa ya tatu, ya pili, mpaka mapokezi. Ting ting ting! Mkuu mwenyewe alikuja kunipa mkono. Bwana Kalamu kaniletea chungwa.

Saa tatu. Saa nne. Saa tano. Saa sita.

Hakuna herufi nzito.

Basi. Nimebaki na Jumanne moja na Ijumaa moja. Nimemtamani mwanamume yule leo mpaka mbavu zinauma. Si maneno yake, maneno hana. Namtaka akikohoa bafuni. Namtaka akitafuta miwani yake huku kaivaa. Nikimwona hata kwa dakika tano nikamgombeza kidogo, nitapona.

Lakini kuandika mimi kwanza? Aa wapi.

Jumapili, 9 Machi

Wifi kaja kunisuka. Ndugu wa mume wangu, mmoja tu wa kike, mdomo hauna breki. Kanivuta nywele akauliza: wifi, umekonda kwa kumsubiri kaka au kwa kiburi? Nikasema kwa joto. Akasema joto gani, mwezi huu wa mvua.

Akaendelea kusuka. Baadaye kwa sauti nyingine kabisa akasema kaka yake tangu mtoto akinyamaziwa huona amefukuzwa. Mama yao akinuna, yeye alikuwa anakusanya nguo zake kwenye mfuko. Nikamwambia asinibane sana kwenye utosi.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi Mkuu kaniita. Mkali. "Fundi, nimekuandikia saa mbili na robo, saa nne hii hujajibu. Unatengeneza kengele za watu, ya kwako je?" Nikasema sijapata barua. Akasema kaituma mbele ya macho ya katibu muhtasi. Nikarudi kwenye kioo changu. Herufi nzito hakuna. Nikashuka na kidole, ripoti moja moja — na barua ya Mkuu hii hapa. Herufi nyembamba. Imeshafunguliwa!

Mimi sijaifungua. Nani kaifungua?

Hapo ndipo nikaelewa. "Isipokuwa mimi." Watu wote niliwatoa isipokuwa mimi! Na mimi ndiye ninayezunguka meza za watu, naingia kwa jina langu kujaribu hiki na kile, kisha naitwa kwingine, nazima kioo naondoka. Mimi! Ninayewasema wenzangu. Nikaiuliza seva jina langu liko wazi wapi. Mashine tisa. Nane zimelala tu. Ya tisa inatumika, sasa hivi, iko masjala. Imefunguliwa tarehe 24 Februari, siku niliyokwenda kumbadilishia Mama Masjala kipanya.

Kabla sijashuka nikafanya lile nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikaipekua orodha yote, nyembamba kwa nzito, mpaka nyuma. Jumanne, 25 Februari, saa nne na dakika nane, kati ya ripoti mbili za diski. Imetoka kambini, anwani ileile wanayotumia wote kule.

Nainakili, maana nimeshaijua kwa moyo:

"Mpenzi wangu. Wamenipa karatasi ya miaka miwili mingine. Nilisema nitakuuliza, nakuuliza. Nirudi au nikae? Huku nimezoea kula nimesimama, maana nikikaa naangalia kiti cha pili. Sema neno moja tu. Mimi."

Wiki mbili! Aliniuliza wiki mbili zilizopita, na mimi huku nakunja uso nasubiri zamu yake.

Nilishuka ngazi sikumbuki nilivyoshuka. Mama Masjala alikuwa mbele ya kioo, kilemba chake, marashi yake, na barua ile imefunguka mbele yake. Aliponiona akaweka mkono juu ya kioo, kiganja wazi, kana kwamba naweza kuisomea mlangoni.

Akasema nisimfokee. Kilikuja kibahasha, akabonyeza kiondoke, kikafunguka. Hakuna jina la mtu, hakuna jina la aliyeandika. Mpenzi wangu, halafu Mimi. Alijua si yake, yeye si mjinga. "Lakini mwanangu, imekuja kwenye mashine yangu. Ningeuliza ni ya nani wangeichukua." Basi akawa anaisoma kila asubuhi kabla watu hawajaja. Na leo kibahasha kilipokuja tena alidhani ni mwandishi yule, kumbe ni Mkuu na mambo yake ya wino.

Nikamwambia ni ya mume wangu. Akashika mdomo. Kilio alicholia yule mama! Nilijikuta nambembeleza mimi, mwenye mali.

Kisha akasema: na mimi nimemjibu.

Nikasema: nini?

Alimjibu Ijumaa asubuhi. Ameona mtu anauliza, siku zinapita, hajibiwi. Haikuwa vizuri, akasema. Kabonyeza palipoandikwa Jibu, akachapa kwa kidole chake kimoja, herufi kubwa zake za lebo, ikaenda. Kwa jina langu. Nimeikuta kwenye zilizotumwa:

"RUDI. MEZA NI KUBWA KWA MTU MMOJA. KILA SIKU NAWEKA SAHANI MBILI HALAFU MOJA NAIRUDISHA KABATINI. USINIULIZE TENA. RUDI TU."

Nilisoma nimesimama. Nilipomaliza sikuwa na hasira hata tone, na hilo ndilo limeniuma. Nikamuuliza kama kweli huweka sahani mbili. Akasema, kwani wewe huweki?

Jumanne, 11 Machi

Nimejitoa mashine zote tisa. Nimebaki kwenye moja, hii ya chumba cha seva. Kengele yangu nimeijaribu mara sita, inalia.

Saa tatu mpaka saa sita, kimya. Huenda yuko kisimani, mbali na kambi. Huenda kasoma kaudhika. Kwa kweli niliandika. Niliandika barua ndefu, nikaeleza seva, nikaeleza masjala, mlango mmoja na milango yote, kurasa mbili za ufundi. Nikaona haifanani na ya mtu anayetaka mume. Nikaona pia: mwache ajibu kwanza lile alilopata. Zamu yake.

Sikutuma. Nitatuma Ijumaa ikibidi.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Masjala alipanda mpaka chumba cha seva, ghorofa tatu na magoti yake yale. Akauliza: amejibu? Nikasema bado. Akakaa kwenye boksi la karatasi. Feni za seva zinavuma. Wawili tunamsubiri mtu mmoja.

Aliponyanyuka akasema mumewe alikuwa anaandika vibaya sana, mwandiko wa kuku, na alikuwa anachelewa kila mahali. Akasema angetoa chochote achelewe tena kidogo. Nikamshika mkono mpaka ngazini.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne na dakika ishirini. Imelia.

Ting — na moyo wangu nao. Herufi nzito, ya kwangu, haijachukuliwa na mtu. Anasema:

"Nimetoka kisimani jana, leo asubuhi nimeikuta barua yako. Nimeisoma mpaka wenzangu wananicheka. Lakini mbona herufi kubwa zote? Miaka tisa hujawahi kuniambia neno kama hili hata siku moja. Mpishi anasema kuna mtu anakuchezea, mke habadiliki hivyo. Niambie ni wewe uliyeandika. Sitaki kingine. Saa sita dishi linafungwa, jioni wanakuja na karatasi. Nikisikia ni wewe, sisaini."

Nimefunga mlango wa chumba cha seva kwa ufunguo. Naandika hapa maana huko mkono hautaki.

Saa nne na nusu. Nimeandika: "Ni mimi." Maneno mawili, nabonyeza, kwisha, Jumatatu yuko mlangoni. Nimefuta. Ataingia nyumbani akiwa amemfuata mwanamke mwingine, wa miaka sitini na mitatu.

Saa tano. Nimeandika ukweli wote. Nimesoma. Mtu atakayesoma ile ataelewa jambo moja tu: si mke wake aliyesema rudi. Atachukua kalamu. Nimefuta.

Saa tano na robo. Mkuu kapiga simu ya ndani, wino wake. Nimemwambia seva inaungua. Mungu nisamehe.

Saa tano na nusu. "Ni mimi." Nimefuta tena. Ebo! Mwanamke mzima, natoa watu arobaini kwenye mtandao kwa amri moja, neno moja la mume linanishinda! Kiburi kiko wapi sasa? Hakipo. Nimekitafuta. Kilichobaki ni woga, na nadhani miaka yote kilikuwa hichohicho.

Saa sita kasorobo. Mlango umegongwa polepole. Mama Masjala. Nimemfungulia. Kasoma juu ya bega langu, kwa haki yake. Hakusema nimfiche wala nimtaje. Kasema tu: "Saa hiyo inakwenda, mwanangu."

Saa sita kasoro dakika saba. Nimeandika, sijafuta:

"Si mimi niliyeandika. Ni mama mmoja wa hapa ofisini, aliona huna wa kukujibu. Mimi nilikuwa nanyamaza kama ninavyonyamaza siku zote. Lakini isome tena ile barua, neno kwa neno, halafu weka jina langu chini. Sahani ni mbili kwangu pia. Rudi. Naomba."

Saa sita kasoro dakika tano. Nimebonyeza Tuma.

Haijatoka. Taa ya laini ya nje imegeuka nyekundu. Laini imekatika, sasa hivi, leo, saa hii! Barua imekaa kwenye foleni ya seva. Nimezima kisanduku cha laini, nimewasha. Taa zinawaka moja moja. Ya kwanza. Ya pili. Mama Masjala kashika waya bila kuambiwa, anaubana na vidole kama utakimbia.

Saa sita kasoro dakika tatu. Ya tatu inapepesa. Foleni: barua moja.

Saa sita kasoro mbili. Kijani! Nimebonyeza Tuma tena. Kioo kinasema "inajaribu". Foleni: barua moja. Inajaribu. Mama Masjala anauliza imekwenda? Nasema bado, usiachie waya. Foleni bado ni barua moja na — sifuri! Imekwenda, saa sita kasoro dakika moja.